Peso ya Kumi na Tatu

Alhamisi, 9 Oktoba 2025

Leo nimeaminiwa!

Mama Remedios, mwenye nyumba wangu, Mfilipino, mjane wa miaka sabini na tisa, amenigongea mlango jioni. Naishi nyumba ndogo ya uani kwake hapa Blacktown, Sydney. (Nyumba ndogo kwa maana ya jengo. Daftari, usinifikirie vibaya.) Mkononi kashika kifuko cha mahameli, zamani kilikuwa cheupe. Ndani sarafu. Peso za Meksiko! Nzito, nyeusi kama sufuria la msibani. Upande mmoja kunguru anakula mnyoo. Upande wa pili kofia inayotoa miale kama jua, imeandikwa UN PESO, na miaka ya kale: 1898, 1901, 1903.

Anasema ni za bibi yake. Eti peso hizi zamani zilitembea mpaka kwao Ufilipino, watu wakanunulia samaki. Mjukuu wake Maricel anaolewa Jumamosi ya tarehe 18 na sarafu zitatumika kanisani. Tatizo ni shangazi wa bwana harusi. Kasema mbele za watu kwamba sarafu hizo ni bandia, zile zinazouzwa dukani pamoja na maua ya plastiki. Mama Remedios hajapata usingizi tangu siku hiyo. Anataka mtu anayejua azipeleke zikapimwe: ni fedha kweli au si fedha, na thamani yake nini. Amenikumbuka mimi kwa sababu nimeishi Meksiko.

Sijaishi Meksiko. Hapa nasema ukweli kwa kuwa daftari halina mdomo. Mwezi wa saba niliugua mafua ya kumlaza ng'ombe, na mama huyu akaniletea uji wa mchele wenye kuku na tangawizi siku kumi na moja mfululizo. Sikuwa na cha kumrudishia isipokuwa hadithi. Nikampa Verakruzi, bandari ya Meksiko. Nilivyoshuka melini, nilivyolipwa kwa peso, nilivyopendwa. Kweli yenyewe ni kwamba nilikuwa karani wa duka la vifaa vya meli Tanga, miezi minane, na kuna baharia aliyefika Verakruzi ambaye mpaka leo hajarudisha sigara zangu.

Nikamwambia aniachie kazi hiyo. Nikaongeza kwamba hata neno letu "pesa" limezaliwa na peso. Akashangaa sana. Na mimi nikashangaa, maana ndiyo kwanza nilikuwa nimelitunga.

Ijumaa, 10 Oktoba

Uchunguzi wa awali, kabla ya kwenda kwa wataalamu wadogo wadogo wa mjini.

Kwanza nimeuma moja. Jino limeuma zaidi. Pili nimedondosha moja sakafuni: imelia kama kengele ya shule. Tatu nimetoa sumaku kwenye friji nikaitia: haikushika. Hitimisho: fedha! Kidato cha pili kinatosha kabisa kwa mtu mwenye akili ya kuzaliwa.

Kisha nikahesabu. Kumi na tatu. Nikarudia. Kumi na tatu.

Nani duniani anatunza vitu kumi na tatu? Nimewaza sana, mpaka chai ikapoa. Halafu nikapata! Nimeuza machungwa soko la Mgandini, Tanga, najua. Mteja akinunua dazeni unamtupia la kumi na tatu, nyongeza, ili kesho arudi. Asiyetoa nyongeza si muuzaji, ni mkoloni. Kwa hiyo bibi wa Mama Remedios alinunua dazeni, na muuzaji muungwana akamtupia moja. Na nyongeza, kwa desturi za masoko yote niliyopitia, huwa ya aliyebeba kikapu.

Aliyebeba kikapu ni nani? Mimi.

Sijaiba. Nimeitenga. Mama mwenyewe alisema atanipa kitu kwa usumbufu wangu, na mtu mzima hasubiri kupewa. Nimechagua ya 1903 nikaisugua kwa ndimu na majivu ya mkaa, kama tulivyosugua vyombo vya harusi nyumbani. Inawaka! Ipo mfukoni. Naipapasa kila baada ya dakika mbili kuhakikisha inafurahi.

Jumapili, 12 Oktoba

Siku mbaya iliyoanza vizuri.

Ibada ya Kiswahili saa nane mchana, ukumbi wa shule ya jirani. Baada ya ibada, mnada wa mavuno. Tunachangia kununua kinanda. Mnadi alikuwa Atupele, Mnyakyusa mwenye sauti ya kumwamsha kiziwi. Trei ya mayai ikaenda dola arobaini. Fungu la sukuma wiki, ishirini na tano. Halafu likapandishwa boga, na Rufus akasimama.

Rufus ni Mkenya, dereva wa lori la makontena pale bandari ya Port Botany, ambako mimi naendesha foklifti. Ana meno mengi kuliko watu wengine. Akasema dola themanini. Kwa boga! Ukumbi ukalipuka. Na aliyepiga kigelegele kirefu kuliko wote ni Zilpah, nesi Mkenya wa Liverpool, ile ya hapa Sydney, mwimbaji wa sauti ya pili, ambaye mimi ndiye niliyemwona wa kwanza, mwezi wa tatu, kwenye foleni ya chai.

Mfukoni nilikuwa na kadi ya treni na peso.

Nikasimama. Nasema kweli, miguu ilisimama yenyewe. Nikawaambia wapendwa kwamba pesa tunazotupiana hapa si kitu. Kwetu ni karatasi, na hapa Australia hata karatasi si karatasi, ni plastiki, unaweza kuiosha na soksi. Mimi natoa FEDHA. Fedha yenyewe, madini, kutoka Meksiko nilikoishi. Nikaiinua juu. Zilpah akageuza shingo. Kwa sekunde nne nilikuwa mwanamume mzuri kuliko wote Magharibi ya Sydney.

Atupele akaanza na thelathini. Mzee mmoja akasema hamsini. Rufus akasema mia. Mimi kwa furaha nikanyoosha mkono nikasema mia na kumi. Atupele akaniuliza kwa kipaza sauti kama nina homa, maana mtoaji hainunui sadaka yake mwenyewe. Wakacheka mpaka watoto waliokuwa nje wakaingia kuuliza. Rufus akamaliza: mia na hamsini. Kigelegele tena. Cha Zilpah!

Nimetoa mimi, amesifiwa yeye. Mlangoni Rufus akanipa lile boga lake. Akasema nikapike, nisije nikalala njaa baada ya kutoa mali ya Meksiko.

Boga liko jikoni linanitazama.

Jumatatu, 13 Oktoba

Sijui niandikeje.

Nimechukua ruhusa kazini, nikapanda treni hadi mjini na sarafu kumi na mbili. Duka la sarafu liko ghorofani, ngazi nyembamba, mzee mmoja Mhispania mwenye miwani mbili, moja juu ya nyingine. Nikajitambulisha kama Januari, mtu wa Verakruzi. Akafurahi sana! Akafungulia Kihispania kama bomba. Nikasema si, yaani ndiyo ya kwao. Akauliza tena. Nikasema si, si. Akanitazama, akarudi kwenye Kiingereza bila kuniumbua. Huyo ni muungwana.

Anavyofanya kazi unapenda. Akapima uzito kila moja peke yake. Akatazama ukingo. Akaweka moja kwenye ncha ya kidole, akaigonga kwa nyingine, akasikiliza amefumba macho. Akasema zote ni fedha halisi, Meksiko halisi, miaka halisi. Weusi wake ni umri, wala nisithubutu kuzisugua, kwa sababu sarafu iliyosuguliwa ni kama bibi aliyechunwa ngozi ili aonekane binti. Nikapapasa mfuko ulio mtupu.

Thamani? Akasema si utajiri. Zilitengenezwa nyingi mno. Kila moja ni uzito wa fedha yake na ziada kidogo, dola sabini na kitu. Akaandika cheti kwa mkono: "Kumi na mbili, fedha halisi." Sahihi, muhuri.

Halafu akachukua kile kifuko. Akakigeuza. Kumbe pembeni kuna pete mbili zilizodariziwa kwa uzi. Akaniuliza ya kumi na tatu iko wapi.

Nikauliza ya kumi na tatu ipi.

Akanieleza taratibu, kama mtu anayemweleza mgonjwa. Kwao na kwa Wafilipino, bwana harusi humiminia bibi harusi sarafu kumi na tatu viganjani mbele ya padri. Kumi na tatu, si kumi na mbili. Wengine husema kumi na mbili ni miezi ya mwaka, na moja ni ya maskini. (Hapo kwa sekunde moja nilifikiri: maskini si ndiye mimi?) Akasema yeye huuza fedha, hapangii ndoa bei, lakini kumi na tatu zilizokaa pamoja vizazi vinne, ukitoa moja unabaki na chuma chakavu na mama anayelia.

Nikashuka zile ngazi nikiwa mdogo kama kidonge cha piritoni.

Siku kumi na moja za uji. Hata sikuwahi kuosha lile bakuli. Alikuwa akija kulichukua mwenyewe.

Jumanne, 14 Oktoba

Mpango: kumpata Rufus, kumwambia sarafu ni mkosi, kuinunua kwa bei ileile, kumaliza.

Nimemkuta bandarini mchana amekaa kwenye ngazi ya lori anakula chapati. Nikamweleza kwamba yule kunguru wa Meksiko ni alama mbaya, akikaa kwa mtu asiye na asili ya kule humletea pancha. Akatafuna. Akasema wee Januari, wacha mchezo bana, hiyo nilishapeana. Wakenya hawatoi kitu, "wanapeana", hata kama anayetoa ni mmoja na anayepokea ni mwingine. Nikamwuliza amempeana nani. Akaonyesha meno yote. Zilpah! Jana! Kwanza Rufus aliitoboa tundu mwenyewe kwa drili ya karakana, akatia mkufu.

Ameitoboa.

Nikakaa chini, pale pale kwenye lami. Akashtuka, akaniuliza kama ni sukari. Nikatoa mia na hamsini, nilizokopa kwenye mshahara wa wiki ijayo. Hakuzishika. Akasema zile alimpa Mungu, mimi si Mungu, na kama nina shida na sarafu niende nimwombe Zilpah. Akanipa nusu ya chapati. Alinishika bega.

Afadhali angenitukana! Nimemchukia mtu huyu miezi saba, nikiwa na sababu zangu zimepangwa vizuri, halafu ananipa chapati.

Jumatano, 15 Oktoba

Liverpool. Treni, halafu kusubiri kwenye maegesho ya hospitali anakofanya kazi Zilpah mpaka saa ya mapumziko yake.

Akaja na chupa ya maji na shingoni peso. Tundu limepita juu kabisa, kwenye utosi wa kunguru. Nikamwambia, kwa sauti ya mtu wa afya, kwamba fedha ya Meksiko ina sumu inayoingia kupitia ngozi ya shingo. Nimemwambia nesi! Wa miaka kumi na nne kazini! Akaniuliza sumu hiyo inaitwaje. Nikasema jina lake ni la Kihispania. Akasubiri. Manesi wanajua kusubiri. Wewe unadhani wamenyamaza, kumbe wanapima.

Nikasema yote. Mama Remedios, kifuko, machungwa ya Mgandini, nyongeza, mzee wa miwani. Nilipotaja jina Maricel, akashika mdomo. Maricel wa wodi yao! Wanafanya kazi zamu moja. Eti tangu Pasaka anawasimulia sarafu za bibi wa bibi yake, wodi nzima inazijua, na Zilpah amealikwa harusini, na atakwenda na Rufus.

Akafungua mkufu. Akaniwekea sarafu mkononi, ikiwa bado na joto la shingo yake. Akasema afadhali, ilikuwa nzito kama kufuli, alikuwa hajui atamwambiaje Rufus. Halafu akaniuliza kama Mama Remedios anajua.

Nikasema anajua.

Akasema Januari. Jina tu. Nimeitwa majina mengi maishani, na kwa lugha nne, lakini kabla ya leo sikuwahi kuona aibu ya kuitwa jina langu mwenyewe.

Nikaahidi nitasema leo jioni. Jioni nimefika, taa ya jikoni kwake inawaka, anaimba. Shikamoo nilishamfundisha, huitikia "malahaba". Nikasema shikamoo kupitia dirishani. Akaitikia. Akauliza peso zinaendeleaje, kana kwamba ni wagonjwa. Nikasema zinaendelea vizuri.

Alhamisi, 16 Oktoba

Sikusema. Kwa nini kumwumiza mama wakati tundu linaweza kuzibwa?

Nimenunua gundi ya chuma, ile ya mirija miwili unayochanganya. Nimeziba. Nikapaka rangi ya rimu za gari. Ikatuna kama kipele. Nikaisugua kwa msasa, kipele kikaondoka pamoja na kichwa cha kunguru. Sasa ni kuku wa dukani. Nimeipaka masizi ili ifanane na wenzake, masizi yakashika kila mahali isipokuwa pale kwenye gundi.

Nikampelekea Rodrigue, Mkongo wa zamu yangu, aione kwa jicho la mtu baki. Akaigeuzageuza. Akasema ndugu, ile peso yako iko malade. Akaeleza kwamba anamaanisha inaumwa, na kwamba kwao wangeipeleka dispensari.

Cheti nacho kimesema "kumi na mbili". Nimeongeza "na moja". Wino wangu ni wa bluu na wa mzee ni mweusi, lakini ukitazama ukiwa umesimama mbali ni mwandiko mmoja.

Nimesimama mbali. Si mwandiko mmoja.

Ijumaa, 17 Oktoba

Nimempelekea. Nimevaa shati la kola. Meza yake imejaa maua, riboni, na simu inalia kila mara kwa ajili ya kesho.

Nikasimama kama wakili nikatangaza: fedha halisi! Meksiko halisi! Nikasoma cheti mwenyewe, upesi, nikakikunja. Mama Remedios akafumba macho. Akavuta pumzi ndefu, nadhani ni ya wiki tatu. Akanishika uso kwa mikono miwili. Hapo ndipo ningesema. Mlango ulikuwa wazi. Badala yake nikasema si kitu, mama, sisi watu wa Verakruzi.

Akazimwaga mezani, akaanza kuhesabu. Hatumii macho, macho yake hayaoni vizuri. Anatumia vidole gumba. Kwao huhesabu kwa maneno ya Kihispania, uno, dos, tres, na kila moja anaipapasa pande zote mbili kama mtu anayesalimia wajukuu. Kufika nueve, ya tisa, akasimama. Kidole gumba kikarudi. Kikasugua. Akachomoa pini ya nywele, akasukuma. Gundi ikatoka, ikagonga sahani, ti!

Nimesema uwongo mara tatu. Nazihesabu kwa sababu yeye alizihesabu kwa vidole vyangu, akivishika kimoja kimoja. Kwanza nikasema ilikuja hivyo. Kimoja. Nikasema ni mzee wa mjini aliyetoboa kupima. Viwili. Nikasema ni panya. Vitatu. Kisha nikaishiwa.

Nikamwambia. Kiingereza changu kikakatika katikati nikaendelea kwa Kiswahili, na sidhani kuna alichokosa kuelewa. Nikamwambia hata Meksiko sijafika. Akasema hilo alijua tangu mwezi wa saba. Mtu aliyeishi Verakruzi hawezi kuiogopa pilipili vile. Alidhani tu kwamba mtu anayedanganya ili amchekeshe mzee hawezi kumdanganya kwa mambo mengine.

Hakupiga kelele. Akaondoka, akarudi na futi ya fundi, akanipima kifua. Akasema sarafu hubebwa kanisani na mtoto. Kesho mtoto huyo atabeba maua. Mtu aliyeshindwa kuhesabu mpaka kumi na tatu atazibeba zote kumi na tatu, kwenye mto wa hariri, mpaka mbele, watu wamwone.

Nikauliza kama hakuna adhabu nyingine. Akasema hii si adhabu, ni kazi. Adhabu hajaifikiria.

Jumamosi, 18 Oktoba

Asubuhi nikasema shikamoo. Hakuitikia.

Nimevaa shati jeupe la kitambaa chepesi la marehemu mume wake. Alikuwa mtu mdogo. Vifungo viwili vilikataa kabisa, cha tatu kilikubali lakini kwa masharti.

Muziki ukaanza. Mbele yangu mtoto wa miaka mitano na pete. Nyuma yangu mabinti wawili wa maua. Katikati mimi, miaka arobaini na minne, kilo tisini na sita, na mto mdogo wa hariri. Tulitakiwa kwenda kwa hatua za kitoto, moja, simama, moja, simama. Kanisa zima limegeuka. Watu hawakucheka, ningeshukuru wangecheka. Walitabasamu kwa huruma, kama kwa mtu mwenye historia. Safu ya saba nikamwona Rufus, simu juu, anarekodi, machozi yanamtoka. Zilpah pembeni yake ametazama viatu vyake. Mabega yanacheza.

Padri akabariki. Bwana harusi akazimimina kwenye viganja vya Maricel. Sijui nieleze vipi sauti ile. Nimesikia pesa zikilia maisha yangu yote, sokoni, bandarini, mfukoni kwa watu wengine. Hii haikuwa sauti ya pesa. Nilihesabu kwa masikio. Ya kumi na tatu ilikuwa na sauti ya ufa kidogo. Maricel akaifunika kwa kidole gumba, akatabasamu.

Chakulani, yule shangazi wa bwana harusi akaja. Mwembamba, amevaa lulu. Akaomba kuona hizo zinazosemwa ni fedha. Mama Remedios akampa cheti. Shangazi akakisoma, akaweka kucha kwenye "na moja", wino wa bluu. Akacheka. Akauliza kwa sauti kama mtaalamu aliandika kwa kalamu mbili, maana karatasi hata yeye anaweza kununua. Meza tatu zikasikia. Nikaona mikono ya Mama Remedios inatafuta kitu cha kushika.

Mimi ndiye niliyemponza. Mzee wa miwani alitoa cheti kizima, safi, na mimi nikakichafua kwa maneno mawili.

Nikataka kusema. Kinywa kikafunguka, hakikutoka kitu. Mara ya kwanza tangu nizaliwe!

Mama Remedios akaichukua yenye tundu. Akaiinua kwenye taa mbele ya jicho la shangazi, akaongea Kifilipino taratibu. Maricel akanong'ona kunifasiria. Alisema: sarafu bandia huwa nyeupe nje na nyekundu ndani, kama mtu. Hii imetobolewa wiki hii na mjinga wa nyumbani kwangu. Chungulia tundu. Tazama ndani kulivyo.

Shangazi akachungulia. Ukuta wa tundu, mweupe. Mweupe kila mahali, mwanzo mpaka mwisho. Fedha mpaka moyoni. Akaishusha polepole, akasema wali umeiva vizuri.

Mbele ya ukumbi mzima nikajiona nanyanyuka! Tundu! Bila tundu ingekuwaje? Na bila mimi tundu lingetoka wapi? Nikamsogelea Mama Remedios, kifua mbele, kifungo cha tatu kikaruka. Akanitazama. Akasema tundu ndilo lililosema, si wewe. Kisha akanijazia sahani, akanionyesha kiti kwenye meza ya familia, na nikala nikiwa nimeinamisha kichwa kama mtoto wa maua.

Jumapili, 19 Oktoba

Sitoki leo. Video iko kwenye kundi la WhatsApp la kanisa. Atupele ameuliza kama nimeasiliwa na Wafilipino na kama wanachukua wengine. Rufus ameandika "bwana mdogo wa harusi", watu arobaini na wawili wameweka vicheko. Zilpah hakuandika kitu, na namshukuru, halafu nikatazama tena, na yeye ameweka.

Saa nne asubuhi nilikwenda kugonga kwa Mama Remedios. Nikasema shikamoo. Akafuta mikono kwenye gauni. Akasema malahaba. Nikarudi chumbani nikalia, vumbi liliingia.

Nimeapa. Naandika hapa kwa wino wa bluu: sitagusa tena cha mtu bila kumwambia, sitajifanya ninajua nisichokijua, sitasema nimefika nisikofika.

Saa nane akapiga hodi mwanamke aliyekuwa harusini, anakaa Doonside. Binti yake anaolewa mwezi wa kumi na moja. Anasema kanisani jana alilia. Hajawahi kuona mtu mzima akibeba sarafu kwa unyenyekevu ule, uso umeinama, hatua za pole vile. Aliuliza kama ninaifanya kazi hii mara kwa mara.

Sasa, mwanamke ameshuka kwenye gari lake kuja kuuliza. Utamwambia nini?

Nikamwambia nimeifanya nchi tatu.

Akauliza kama naweza pia kuimba wimbo wa Kifilipino nikiwa natembea. Nikasema wimbo gani? Akautaja. Nikasema aa, huo! Tumeelewana. Atanilipa nauli, chakula na dola mia. Tayari nimefikiria jina: Mbeba Sarafu wa Kimataifa. Kadi nitachapisha kesho.

Mto ninao hapa. Ule wa hariri. Jana nilisahau kuurudisha, na Mama Remedios hajauulizia. Hatauhitaji mpaka mjukuu mwingine aolewe, na mjukuu mwingine yuko darasa la sita. Sina haja ya kumsumbua mama wa watu kwa kumwambia.

Una doa dogo la mchuzi pembeni. Nitatia ndimu na majivu.